Mwandike Ivy

Kwenye karatasi zote nilizojaziwa tangu nitoke Bungoma, sina mtoto. Sina kwenye mkataba wa kazi, sina kwenye fomu ya hospitali waliyonipimia damu Nairobi, sina popote. Ajenti wetu, mwanamke mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, alitupanga foleni wasichana ishirini na wawili akatufundisha majibu kabla ya kupigwa picha. Ukiulizwa kama umeolewa, hapana. Ukiulizwa kama una mtoto, hapana. Alisema mabosi wa Saudia hawamtaki mama wa mtu, kwa sababu mama wa mtu hulia jikoni na kuomba simu kila saa. Tukarudia kwa pamoja kama watoto wa nasari. Kati ya hao ishirini na wawili nawajua kumi na sita waliokuwa wameacha watoto nyumbani asubuhi hiyo, na mmoja maziwa yalikuwa bado yanamlowesha blauzi.

Mimi nilikuwa nimemwacha Ivy kwa mama yangu. Alikuwa na miaka saba, pengo mbele, na maswali mengi hadi mtu mzima anajifanya amelala ili apumzike. Nilimwambia naenda kazi ya miaka miwili. Sikumwambia kwamba nimeshasema hayupo. Hilo nililibeba peke yangu mpaka Jeddah, kwenye nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Rawdah, nikapewa chumba kilicho kando ya mashine ya kufulia na orodha ya kazi ndefu kuliko mlango.

Dereva wa nyumba hiyo alikuwa Mkenya mwenzangu, Josphat, mtu wa Kitale. Alikuwa amefundisha Historia na Serikali katika shule ya upili kwa miaka kumi na moja kabla ya kuchoka kulipwa kwa michango ya wazazi. Aliendesha gari vile alivyofundisha, polepole, na alikukemea ukitazama nje wakati anaeleza jambo. Kila mwaka, bahati nasibu ya visa ya Marekani ilipofunguliwa, ile Wakenya huiita green card, Josphat alijijazia fomu na kuwajazia wengine bure. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshajaza mara sita na kukosa mara zote sita.

Mwaka wangu wa kwanza alinijazia mimi pia, tukiwa ndani ya gari tukimsubiri madam, mke wa bosi, atoke kwa daktari wa meno. Aliuliza jina langu, nikasema Peris Nasimiyu. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, shule, mwaka wa mtihani. Akauliza watoto. Nikasema sina. Nilisema haraka, bila kufikiri, kama mtu anayepiga chafya. Niliogopa kwamba Josphat akijua, siku moja itamtoka mbele ya madam, na madam akijua nitarudishwa kwa ajenti kama kiatu kisichotosha. Hata hivyo sikuona ni jambo kubwa. Nilidhani nikibahatika nitamwongeza Ivy baadaye, vile mtu anavyoongeza jina kwenye daftari la chama.

Mwezi wa tano nikashinda. Josphat alitazama simu yangu kwa muda mrefu, akaifuta kioo kwa shati, akatazama tena. Kisha akanipa mkono na kusema hongera. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la kifo, na sikumlaumu.

Kutoka siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Alikuwa na maswali mia moja yaliyochapishwa, yale ambayo mtu anayetaka kuwa raia wa Marekani hana budi kuyajua, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba huulizwa pale dirishani, kwenye ubalozi wa Marekani Riyadh, siku ya usaili wa visa. Kwa sababu yeye aliamini, sisi sote tuliamini. Walinzi Wakenya wa mtaa wa Kandara, pale pale Jeddah, walikuwa wakiyakariri getini, vibarua wa mtaa wa Hindawiyah wakiyakariri juu ya ngazi wakipaka kuta rangi, na jioni kila mmoja alimtumia Josphat majibu yake kwa sauti kwenye WhatsApp. Aliyekosea alirudishiwa swali lake na matusi kidogo. Mimi nilikuwa na bahati ya kufundishwa ana kwa ana, mara mbili kwa wiki, tukienda kununua mboga na nyama. Yeye mbele, mimi kiti cha nyuma, macho yake kwenye kioo.

Sheria kuu ya nchi ni ipi? Katiba. Katiba inafanya nini? Inaunda serikali, inaiwekea mipaka, inalinda haki za watu. Maneno matatu ya kwanza ni yapi? Sisi watu wa. Hapo nilimsimamisha. Nilimwambia hata yetu inaanza hivyo hivyo, sisi watu wa Kenya, na mimi niliipigia kura nikiwa na miaka kumi na minane, kitambulisho changu kikiwa bado kinanuka plastiki. Kwa nini basi nimekuja kukumbuka hayo kwenye gari la mtu Jeddah, nikiwa nimepakata kilo kumi za vitunguu? Josphat alikata kona mbili, kisha akaendelea na swali la nne.

Mimi nina tabia ya kulipima kila ninalofundishwa kwa pale nilipo. Aliponieleza kwamba serikali yao ina mihimili mitatu, bunge, rais na mahakama, na kwamba kila mmoja unaushika mwingine shati usizidi nguvu, niliifikiria nyumba yetu. Mle ndani baba alikuwa bunge, rais na mahakama, na madam alikuwa polisi. Baba tulimwita baba kwa sababu ndivyo tunavyowaita mabosi wa kiume huku. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu hajawahi kushikwa shati. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu ya chumba chake tangu siku niliyofika. Niliiona mara moja nikifuta vumbi, imelala juu ya pasipoti ya buluu ya binti yake Layan. Layan alizaliwa Ohio wakati baba akisoma huko, na kwa kuzaliwa tu pale, Katiba ile ile ninayoikariri ilimfanya raia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na siku moja nilipomuuliza kwa utani maseneta ni wangapi, alisema hamsini. Nikamwambia mia moja, na nikaendelea kupiga pasi.

Ijumaa nilimpigia Ivy. Nilikuwa nimempigia picha maswali yote, na yeye alinipa mtihani kwa simu ya nyanya yake, kwa sauti ya mwalimu wake wa darasa. Wabunge wanakaa miaka mingapi? Miwili. Maseneta? Sita. Katiba imerekebishwa mara ngapi? Nikichelewa alihesabu mpaka tano kisha akanitajia mwenyewe, mara ishirini na saba, mama, jana pia ulikosa hiyo. Josphat alikuwa amenieleza kwamba mtu akifika na green card hukaa miaka mitano, huomba uraia, na mtoto wake aliye naye chini ya miaka kumi na minane huupata pamoja naye, bila kuulizwa swali lolote. Nilimuuliza hilo kana kwamba ni la mtu mwingine. Usiku nililipigia hesabu: Ivy angekuwa na kumi na minne, labda kumi na mitano. Kila nilichokariri nilikikariri kwa ajili ya siku hiyo.

Mwisho wa Agosti mwaka uliofuata, mkataba wangu wa miaka miwili ukiwa umeshakwisha na barua ya usaili imeshafika, tukafika tena swali la kwa nini majimbo mengine yana wawakilishi wengi kuliko mengine. Jibu ni fupi: yana watu wengi zaidi. Lakini Josphat hakujua kuacha jibu fupi liwe fupi. Alisema Katiba yao inaamuru watu wahesabiwe kila baada ya miaka kumi, na wanaohesabiwa si raia peke yao, ni kila mtu anayeishi pale, mfanyakazi, mgeni, mfungwa. Zamani, akasema, waliwahesabu hata watumwa, ila kwa kupunguza: kila watumwa watano waliandikwa kama watu watatu. Hesabu hiyo iliwapa mabwana zao viti bungeni, watumwa wenyewe haikuwapa kitu. Ilibidi vita vipiganwe ndipo maneno hayo yakaondolewa.

Hasira zilinipanda. Nilimuuliza wale wawili walipelekwa wapi. Josphat akasema ni hesabu tu, haikuwa watu wawili fulani. Nikamwambia kwa mama yao walikuwa watu fulani. Kisha, sijui nilisukumwa na nini, nikamuuliza kuhusu mtoto mchanga, kama naye anahesabiwa. Akasema anahesabiwa, hata aliyezaliwa jana yake. Nchi ambayo sijawahi kuikanyaga inamhesabu mtoto wa siku moja, na mimi niliyemzaa Ivy nimemwandika sifuri. Machozi yakanitoka pale pale, kwenye taa za Mtaa wa Falastin, mbele ya vitunguu.

"Josphat, mimi niko na mtoto," nikasema.

Hakugeuka. Taa ikawa kijani, nyuma wakaanza kupiga honi.

"Mtoto gani?"

"Wangu. Anaitwa Ivy. Ako na miaka tisa."

"Kwenye fomu tuliandika hakuna."

"Najua vile tuliandika."

Aliegesha gari mbele ya duka la dawa na kuzima injini, jambo ambalo hafanyi kamwe kwa sababu ya joto. Akanieleza polepole, kama kwa mwanafunzi wa mwisho darasani. Bahati nasibu ile ina sharti moja lisilo na msamaha: kila mtoto lazima atajwe siku ya kwanza kabisa ya kujaza. Ukimwacha, hata kwa kusahau, hata kwa hofu, ukifika dirishani unakataliwa. Hakuna rufaa, hakuna kurekebisha, na bahati ya mwaka huo inakufa tarehe thelathini Septemba. Usaili wangu ulikuwa tarehe kumi na nane. Nikamwona kwenye kioo akijikusanya na kurudi kuwa mwalimu.

"Basi halas, imeisha. Huna mtoto," akasema. "Wakikuuliza, unasema no, wanakugongea visa. Ukifika huko utatulia, na Ivy atakuja baadaye kama mtoto wa dada yako."

"Sina dada."

"Basi utapata dada."

Ningecheka kama angekuwa anatania. Nilimwambia yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hakuna aliye juu ya sheria, swali la kumi na mbili, na akanitukana kwenye WhatsApp nilipolikosa. Yeye ndiye aliyesema pale dirishani mtu huinua mkono wa kulia na kuapa kusema kweli. Sasa niinue mkono gani? Na nikishamkana Ivy mara ya pili, tena kwa kiapo, nitamrudisha vipi? Mtoto wa dada huletwa na nani? Josphat alijua kwamba haletwi. Aligeuka kwa mara ya kwanza akanitazama bila kioo.

"Nimejaza hii kitu mara nane, Peris. Mara nane. Wewe umejaza mara moja tu. Usitupe hiyo nafasi juu ya roho safi."

Hatukusemeshana wiki mbili. Alinipeleka sokoni na kunirudisha, na katikati yetu kulikuwa na redio. Mimi nilikuwa na hasira na yeye, na ajenti, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Na bado niliitaka ile visa. Niliitaka hadi nikaota naishika mkononi.

Lakini bila pasipoti hata ule uongo nisingepata nafasi ya kuusema. Jumapili asubuhi, siku tatu kabla ya usaili, nikaenda kwa baba majlis, sebule yake ya wageni, alipokuwa akinywa kahawa yake ya kwanza. Nikamwambia mkataba umekwisha tangu mwezi uliopita, nina jambo Riyadh Jumatano, naomba pasipoti yangu. Alisema kwa upole kwamba nisubiri harusi ya Layan ipite mwezi wa kumi na moja, na mfanyakazi mpya afike, kisha tutaongea. Nikasema sitasubiri. Akauliza nani ananijaza maneno hayo kichwani.

Nikamwambia ni yeye. Mara nne nimepitisha kahawa mbele ya wageni wake nikimsikia akisimulia jinsi polisi wa Ohio alivyotaka kuondoka na pasipoti yake, naye akamkatalia barabarani, akamwambia hiyo ni yangu, nionyeshe sheria inayokuruhusu. Wageni humsifu sana hapo. Baba akatabasamu, akasema ile ilikuwa Amerika, hapa si Amerika.

"Sijakuomba sheria ya Amerika, baba," nikasema. "Sheria ya hapa hapa kwenu inasema pasipoti inakaa na mwenyewe. Iko kwenye mkataba tulioweka sahihi, upande wa Kiarabu na upande wa Kiingereza. Nimesoma zote mbili, ya Kiarabu nimesomewa."

Akarudi kwenye simu yake. Basi nikaketi. Nikaketi chini, katikati ya zulia la majlis, na abaya yangu na mkoba wangu, nikasema sitapika, sitafua, sitainuka. Madam akaja, akasema maneno mengi ambayo nusu yake niliyaelewa na nusu nyingine nilishukuru kutoyaelewa. Akasema ataniandikia kesi ya kutoroka, ile inayomfanya mfanyakazi akamatwe popote. Nikamwambia aandike, ila kwenye sehemu ya mahali nilikoonekana mara ya mwisho aandike juu ya zulia lake.

Layan alipita mlangoni, akasimama, akaenda zake. Adhuhuri ikapita. Vyombo vya jana vilikuwa vinanisubiri jikoni na mkono ulikuwa unaniwasha kwa mazoea. Baba alijua, na mimi nilijua, kwamba baada ya sala ya alasiri watakuja ndugu wa bwana harusi kunywa kahawa majlis hapo hapo. Saa tisa na nusu alishuka na pasipoti, akaiweka kwenye zulia mbele yangu, si mkononi, kwenye zulia. Akasema niende Riyadh na nikirudi atanikatia hati ya kutoka nchini. Niliiokota, nikasema shukrani kama nilivyolelewa, kisha nikawatengenezea wageni wake kahawa, kwa sababu mimi mwenyewe niliamua.

Josphat ndiye aliyenipeleka kituo cha basi Jumanne. Njia nzima alinihoji yale maswali mia, na nilipata yote. Tulipofika akanishushia mkoba. Akasema nimefanya kazi nzuri pale kwenye zulia, hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwamba sasa limebaki neno moja tu, no, ni dogo, litatoka lenyewe. Sitawadanganya. Nilimwambia sawa. Nilipanda lile basi nikiwa nimeamua kulisema.

Nilifika Riyadh kukiwa kumekucha, nikanawa uso kwenye choo cha kituo, nikachukua teksi mpaka mtaa wa mabalozi. Ndani ya ubalozi kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na watu waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote, kila mmoja na bahasha kifuani. Nilikaa nikijipima kimyakimya. Rais huchaguliwa kwa miaka minne. Mahakama ya juu ina majaji tisa. Nambari yangu ikaitwa kabla ya saa nne.

Dirishani alikuwa mwanamke wa rika langu, nywele amezifunga nyuma, mafua kidogo. Akaniambia niinue mkono wa kulia. Nikaapa. Akauliza shule nimemaliza mwaka gani, kazi yangu ni nini, nitafikia kwa nani. Nikajibu kwa Kiingereza, sauti ikiwa imara. Alikuwa anagonga kompyuta huku ananisikiliza na nilimwona kabisa kwamba ananiamini. Alifungua ukurasa mwingine, na hakuuliza hata kwa kuniangalia.

"Hujaolewa, na huna watoto. Sivyo?"

Kumbe hata lile neno dogo la Josphat sikulihitaji. Alikuwa ameshalisema yeye. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa, na kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kuendelea. Nikajaribu. Nasema kweli, nilijaribu, na shingo yangu ikakataa. Siku tatu tu zilizopita nilikuwa nimemkatalia mtu aliyenilisha miaka miwili kwa sababu ya kijitabu chenye picha yangu. Nimkubalie huyu kwa sababu ya nini, na kwa bei ya nani?

"Niko na mtoto mmoja," nikasema. "Anaitwa Ivy Nekesa. Ana miaka tisa."

Kidole kikasimama. Sasa alinitazama. Akauliza kama naelewa kwamba hakutajwa kwenye fomu ya kwanza, nikasema naelewa. Akauliza kama naelewa maana yake, nikasema naelewa hiyo pia, na tarehe ya mwisho naijua. Akauliza kwa nini sikumtaja. Nikamweleza kuhusu ajenti mwenye miwani, na wasichana ishirini na wawili, na yule wa maziwa. Sikulia. Nilikuwa na hasira nyingi mno, machozi hayakupata pa kupita. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema anasikitika, sheria haimwachii nafasi, analazimika kukataa.

Nikamuuliza na maswali je. Hakuelewa. Nikamwambia yale maswali mia moja, ya Katiba, nimeyajua yote, aniulize basi hata moja. Akaniambia kwa upole kwamba hayo huulizwa mtu aliyekwisha kuishi Amerika miaka mitano na anaomba uraia. Hapa dirishani hakuna anayeulizwa. Niliwafikiria walinzi wa Kandara na wapaka rangi wa Hindawiyah, na Josphat na matusi yake, na nikacheka kwa sauti hadi mtu wa foleni aliyekuwa nyuma yangu akarudi hatua moja.

Akaanza kuandika karatasi ya kunikatalia. Nikaweka mkono kwenye kioo.

"Mwandike," nikasema.

"Nani?"

"Mtoto wangu. Hata kama unakataa. Kila karatasi inasema hayupo, na hii yako sitaki iseme hivyo. Andika mtoto mmoja, uandike na jina."

Alisema hilo halitabadilisha uamuzi. Nikamwambia sijamwomba abadilishe uamuzi. Nyuma yangu watu walianza kunong'ona na mlinzi akasogea. Yule mwanamke akamwinulia mkono asubiri. Akaniuliza jina linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja, jina la kwanza na la pili, na tarehe ya kuzaliwa, na mahali, Bungoma. Akageuza kompyuta kidogo ili nione. Nilisoma mara mbili. Kisha nikachukua pasipoti yangu na karatasi ya kukataliwa, nikamshukuru, nikatoka juani.

Josphat alikuwa amepiga mara sita. Nilimtumia ujumbe kwamba nimemtaja Ivy na wamekataa, na kwamba awaambie watu wake wapumzishe vichwa. Hakujibu siku hiyo. Nilikaa kwenye kivuli cha kituo cha basi mpaka saa kumi, saa ambayo Ivy hutoka shule, nikapiga. Alishika yeye mwenyewe.

Akauliza waliniuliza maswali mangapi. Nikamwambia moja tu. Akataka kujua kama nilijua jibu, nikasema nilijua. Akauliza sasa tunaenda lini, nikasema hatuendi, wamekataa. Nilisikia kuku wa mama yangu nyuma yake.

"Kwa nini wamekataa na ulijua jibu?"

Ningeweza kumwambia nafasi zimejaa. Angeamini. Nikamwambia ukweli wote, pale kwenye kiti cha chuma, watu wakipita na masanduku yao. Kwamba nilipokuwa natafuta kazi nilisema sina mtoto, na nikasema tena nilipojaza ile fomu, na kwamba hilo ndilo lililotunyima Amerika, si kosa lake, ni langu.

"Na leo ukasema nini?"

"Leo nimesema niko na wewe. Nikataja jina lako, nikakataa kutoka hapo mpaka wakaliandika."

Nilimsikia akivuta kamasi. Nikangoja. Nilikuwa tayari akate simu, na nilijua ana haki.

"Basi kuja, mama," akasema.